Miti Iliyobaki Matongoni: Mhadhara juu ya Miembe Mikongwe ya Kasongo na Kabambare



Naomba nianze na swali ambalo kila mmoja wenu aweza kulijibu pasipo kufungua kitabu. Mtu akitoka Kasongo akaishika njia ya Kabambare, akavuka nyika na vijito na vipande vya msitu, akafika mahali ambapo hapana nyumba, wala moshi, wala hata kijia cha kuteka maji, kisha ghafula akauona mti mmoja mkubwa, wenye majani ya kijani kilichokolea hata kukaribia weusi, umesimama peke yake katikati ya manyasi yaliyompita mtu kimo, basi mtu huyo, hata kama hajapata kuikanyaga njia ile tangu kuzaliwa kwake, husema moyoni mwake: hapa palikuwa na watu. Ni nani aliyemfunza kusema hivyo? Hapana kibao, hapana kaburi lenye jina, hapana mzee wa kumsimulia. Kuna mti tu, na mti umekwisha kusema.

Nimeombwa nizungumze juu ya mafungamano ya wanadamu na miti mikongwe ikaayo peke yake, na nakiri kwamba nilipoanza kuitafakari mada hii fikira zangu zilikwenda Pwani kwanza, kwenye mibuyu ya Mombasa na Kilwa na Unguja, ambayo ina visa vingi na mashetani wengi, na ambayo kila mwandishi wa Kiswahili amekwisha kuiegemea. Lakini mbuyu kwetu Maniema, mashariki ya Kongo, haumei, wala sikuona haya kuuacha ulipo. Sisi tuna mwembe, na tuna mchikichi, na hapa na pale tuna mvule au mkuyu ulioepukwa na shoka siku msitu ulipofyekwa. Na katika hiyo yote ni mwembe nitakaoushughulikia zaidi, kwa sababu mvule hujiotea wenyewe kwa amri ya Mola wake, ilhali mwembe, katika nchi hii, aghalabu hauoti ila pale mtu alipokula embe au alipoifukia kokwa kwa mkono wake.

Katika Kiswahili chetu mahali watu walipohama tunapaita tongo, na wingi wake matongo. Na mji wa Kasongo wa kale, ule uliokuwa makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, tajiri wa misafara ya pembe na watumwa, tangu takriban mwaka 1875, leo hujulikana kuwa ni Kasongo Tongoni. Hebu litazameni jina hilo. Wenyeji hawakuuita mji ule kwa jina la mkubwa wake, wala la mwanawe Sefu aliyebaki na amri baada ya baba yake kuelekea Unguja mwaka 1890, wala la Francis Dhanis aliyeuteka pamoja na askari wa Dola Huru ya Kongo tarehe 22 Aprili 1893. Waliuita kwa hali yake, mahali palipohamwa. Sidney Langford Hinde, tabibu Mwingereza aliyefuatana na jeshi lile, na ambaye mwaka 1897 alichapisha kitabu juu ya vita vile, alistaajabia bustani alizozikuta humo, zenye machungwa matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi na ndizi kila pembe, na huko nje shamba moja la mpunga ambalo alilipita juu ya kipando chake kwa muda wa saa moja na nusu kabla ya kulimaliza. Asema pia kwamba msitu ulikuwa umefyekwa maili nyingi pande zote. Sasa pimeni wenyewe: mji wa namna hiyo ukisha kuanguka, kuta za udongo zikanyeshewa misimu miwili mitatu zikarudi kuwa udongo, mkomamanga usiopaliliwa ukasongwa na magugu, na mpunga ukaliwa na ndege, ni kitu gani kitakachosalia wima? Husalia mti ambao ukisha kushika mizizi haumhitaji tena aliyeupanda, ambao kivuli chake ni kizito hata manyasi hayawezi kustawi chini yake, na ambao moto wa nyikani ufikapo karibu na shina lake huwa umekosa cha kula. Hiyo ndiyo siri ya mwembe kubaki, na wala si karama.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo. Twapenda kuuita mti kama huo mti mpweke, na washairi hupenda kuulilia kana kwamba Mungu aliuumba yatima. Lakini mwembe wa tongoni haukuzaliwa peke yake. Ulizaliwa uani, kando ya jiko, kati ya kuku na watoto na mchi utwangao, ukarushiwa mawe na ukaanikiwa nguo, na upweke wake ni jambo lililotukia baadaye, kwa tarehe maalumu na kwa sababu maalumu, ambazo aghalabu ni sababu za wanadamu. Mtu akiniambia kwamba mti fulani umekaa peke yake, mimi nisingeuliza una miaka mingapi. Ningeuliza wenzake walikwenda wapi.

Tuutazame basi mwembe kwa nasaba yake. Asili yake ni Bara Hindi na nchi ya Burma. Ibn Battuta alipoteremka Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali pamoja na achari za namna namna, na mojawapo ilikuwa ya tunda ambalo yeye alilitaja kwa jina la anba, na sikio la Mswahili halihitaji mkalimani kutambua kwamba hilo ni embe letu hili hili. Tangu Pwani hata kufika kwetu ni safari nyingine. Nimewasikia watu wakisema kwamba misafara iliondoka Bagamoyo na makapu ya maembe, wapagazi wakala njiani na kutupa kokwa, na miembe ikaota nyuma yao mithili ya nyayo. Ni hadithi tamu, na kwa sehemu ni ya kweli, lakini mkulima yeyote ataitilia shaka, maana kokwa ya embe si punje ya mtama: ikikauka imekufa, na baada ya majuma machache haifai tena ila kuchezewa na watoto, nao msafara kutoka Pwani mpaka Ujiji tu ulichukua miezi mitatu na zaidi, kabla ya kuvuka ziwa na kuzipanda nchi za Maniema. Kwa hiyo embe la Pwani halikuweza kufika Kasongo kwa mkupuo mmoja. Ilibidi kokwa ioteshwe katika kituo cha kati, mti ukue miaka sita saba hata uzae, kokwa za mti huo zichukuliwe hadi kituo cha mbele, na huko nako watu wangoje tena; au pengine ilichukuliwa miche pamoja na udongo wake, ikinyweshewa na mpagazi ambaye mwenyewe alikuwa na kiu. Kwa hesabu hiyo kila mwembe wa Waungwana, yaani watu wa Pwani waliokuja na misafara, katika Maniema ni mjukuu au kitukuu wa mwembe wa Tabora au wa Ujiji, na watu walioufikisha hapa walikuwa watu waliodhani kwamba watakaa. Mpita njia hapandi mwembe. Hupanda mwembe mtu ambaye amekwisha kujua atamzika wapi baba yake.

Ndugu zetu wa Pwani wameitukuza miti hii kwa namna yao, yaani kwa kuipa mitaa majina yake: Mombasa pana Mwembe Tayari, Unguja pana Miembeni na Mwembe Shauri, Dar es Salaam pana Mwembechai, na mgeni akiuliza mwembe wenyewe uko wapi ataonyeshwa duka au kituo cha mabasi. Huko jina limebaki bila ya mti. Kwetu mambo yamegeuka: mti upo, jina limepotea.

Kiangazi cha mwaka uliopita nilipumzika chini ya mmoja wa miembe hiyo isiyo na jina, saa ya jua la utosi, mimi na vijana wanne niliowakuta wakisukuma baiskeli zilizopakiwa mawese kwa ajili ya soko la wachimba dhahabu upande wa Salamabila, bidoni sita za njano juu ya kila baiskeli, zimefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi, na fimbo imefungwa kwenye usukani ili mtu aweze kuuongoza mzigo akiwa anatembea kando. Mwembe ulikuwa katika maua, vishada vya manjano vyenye wekundu kidogo, na sauti ya nyuki juu yetu ilikuwa kama chungu kinachochemka mbali. Tulilipima shina kwa mikono: vijana watatu walishikana na bado pakasalia pengo la shubiri mbili. Upande wa mashariki gome lilikuwa na makovu ya panga ya wale watwaao dawa ya tumbo la kuhara, makovu ya zamani yamekwisha kufumba kama midomo, na mapya bado yanatoa utomvu mweusi. Katika tawi la chini ilining'inia rimu ya gari iliyokula kutu, ambayo bila shaka zamani ilikuwa kengele ya shule au ya kanisa, na waya wake ulikuwa umezama ndani ya tawi kiasi cha kidole kizima, kwani tawi halikuacha kunenepa. Mizizi iliyoachwa wazi na mvua ilikuwa laini kama kiti cha mzee. Hebu fikirini ni watu wangapi walikaa pale hata mzizi ukalainika hivyo.

Kijana mmoja akasema, huu ni mwembe wa Waarabu. Wenzake wakaitikia, kwa kuwa ndivyo tunavyosema sote. Kila mwembe mnene tuuonao twauhesabu kuwa ni wa Tippu Tip, kama kwamba bwana yule hakuwa na kazi nyingine ila kufukia kokwa. Mara akatokea mama mmoja mzee na mzigo wake wa kuni, akautua, akaketi mzizini kama mtu aliyefika nyumbani kwake, akasikiliza kidogo, kisha akasema: "Waarabu gani, wanangu? Mwembe huu aliupanda babu yangu, mzaa baba. Hapa ndipo kilipokuwa kijiji chetu, kabla ya Leta kututoa na kutupeleka barabarani." Leta ndilo jina tulilowapa wakoloni na serikali yao. Tukamwuliza, je, alizaliwa hapo? Akasema hapana, yeye alizaliwa barabarani, lakini kitovu cha baba yake kiko chini ya mchikichi ule wa tatu. Tukageuka kutazama, na kweli, ndani ya manyasi ambamo mimi sikuwa nimeona ila manyasi, palikuwa na michikichi mirefu imesimama kwa safu mbili, na kati ya safu hizo ukanda ulionyooka, ambao ndio uliokuwa njia kuu ya kijiji. Aliinua mkono akaonyesha nyumba moja moja: hapa mlango wa fulani, pale mlango wa fulani, kule walikokuwa wakikoka moto wanaume. Yeye mwenyewe hakupata kuziona. Aliuonyeshwa uwanja ule ukiwa mtupu na baba yake, kama nasi tulivyoonyeshwa naye.

Sikumbishia mama yule, wala sikuwapinga vijana, maana hakuna kati yetu aliyekuwa na hoja ya kumnyamazisha mwenzake. Historia ya nchi hii inaziruhusu kauli zote mbili. Waungwana walipanda, hilo halina shaka. Lakini baada ya vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru na Waungwana, Leta nayo ilipanda, ikaweka safu za miembe kando ya njia na mbele ya vituo vyake, na mapadri wakapanda katika misheni zao, na wanavijiji, ambao hatuwataji kamwe tunapozungumza juu ya miembe, walichukua kokwa wakapanda nyuani mwao pasipo kumngoja Mwarabu wala Mbelgiji. Kisha ikaja sheria ya 1917 ya kulazimisha mazao, na pamba ikalimwa kwa kiboko, na barabara zikachimbwa, na vijiji vikaamrishwa kuhama bondeni na vilimani vikajipange kando ya barabara ili karani apate kuvihesabu kwa urahisi. Watu walibeba milango yao, vyungu vyao, na wengine mifupa ya wazee wao, lakini mwembe haubebeki. Nyongeza ya hapo, unene wa shina si ushahidi wa umri, kwa maana mwembe ulioota mahali pa jalala la zamani hunenepa kwa miaka arobaini kupita ule ulioota changaraweni kwa miaka themanini. Kwa hiyo nawaomba walimu waache kuwafunza watoto kwamba kila mwembe mkubwa ni wa Waarabu. Somo hilo huwanyang'anya babu zao hata miti waliyoipanda wenyewe.

Lakini nisije nikaonekana napaka asali juu ya jambo lililo chungu. Njia iliyoleta mwembe ndiyo iliyochukua pembe na watu. Katika kivuli cha miti ya vituo vya misafara walikaa mabwana na kahawa yao, na katika kivuli hicho hicho, umbali wa hatua ishirini, walikaa watu waliofungwa minyororo shingoni, nao pia, twaweza kuamini, walishukuru kwa kupumzishwa na jua. Nyangwe, katika ardhi hii hii ya Kasongo, tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa misafara waliwafyatulia bunduki wanawake waliokuja kuuza samaki na vyungu, na waliokufa, kwa risasi na kwa kuzama katika mto Lualaba, walikuwa mamia; David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, alikuwapo, akaandika, na habari yake ilipofika Uingereza ilichochea ghadhabu iliyosaidia kulifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Basi anayekuja kuukumbatia mwembe wa Waungwana kwa mapenzi matupu, na anayekuja na shoka kuukata kwa kulipiza kisasi, wote wawili wamekosea kwa namna moja, maana wote wawili wanamhukumu shahidi badala ya kumsikiliza.

Livingstone huyo ana kisa kingine, cha Kabambare, ambacho kwangu mimi kina thamani kuliko picha zote za kofia yake. Alifika huko, mahali alipopaandika Bambarre, mwezi wa Septemba 1869. Akatoka, akarejea Julai mwaka uliofuata, na vidonda vya miguu vikamlaza hata Februari 1871, watumishi waaminifu waliobaki naye wakiwa watatu tu, Chuma, Susi na Gardner. Karatasi zilimwishia, wino ukamwishia. Akatwaa gazeti kuukuu la London, akaandika juu yake kwa kukata mistari iliyopigwa chapa, na wino akautengeneza kwa mbegu nyekundu za zingefuri. Nadhani wengi wenu mnaujua mzingefuri, mti mdogo wa bustani wenye maganda ya miiba laini, ambao mbegu zake zikisuguliwa kiganjani huacha rangi ya machungwa isiyotoka upesi. Asili yake ni Amerika, na jina lake ni la Kiarabu, na Livingstone anashuhudia kwamba watu wa Maniema walikuwa wakiitumia rangi hiyo kutia nguo zao ziitwazo virambo na kujipamba uso na kichwa. Tazameni mambo yalivyo: mti wa bara jingine, jina la Waarabu, na pambo la uso wa mwanamke wa Kabambare, yote katika chungu kimoja cha wino. Wino ule ulififia hata maandishi yasisomeke, mpaka karne hii wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na mistari ikarudi kuonekana, ikatoka kurasa ambazo kwa zaidi ya miaka mia na thelathini zilikuwa kama hazikuandikwa. Mti unaokubaliwa usoni mwa mtu si mgeni tena, na nastaajabu kuwasikia vijana wasomi wakiuita mwembe mti wa kigeni, nao wamevaa shati lililotoka ng'ambo majuzi.

Kuna swali la dini ambalo siwezi kulikwepa mbele ya mashehe na mapadri waliohudhuria. Je, yafaa kuuheshimu mti? Waislamu wamepokea kutoka kwa Mtume mafundisho kwamba apandaye mti, kisha akala kwao mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Na ikiwa ni hivyo, wapo watu wasiojulikana majina yao, wamelala katika makaburi yasiyo na alama huko Tongoni, ambao daftari lao la thawabu halijafungwa, kwani popo na watoto bado wanakula. Lakini imesimuliwa vile vile kwamba Khalifa Umar aliukata mti ule wa Hudaybiya ambao chini yake masahaba waliapa, alipoona watu wameanza kuuendea kwa ibada. Mimi si mwanachuoni, na sitaki kutoa fatwa. Nasema tu kwamba mafundisho hayo mawili hayapingani: moja lataka mti uheshimiwe, jingine lakataza uabudiwe. Tambiko za mizimu zilizokuwa zikifanywa shinani mwa mikuyu zimepungua katika nchi yetu, na heshima imepungua pamoja nazo, na sioni kwamba tumepata faida kwa kuvitupa vyote viwili katika shimo moja.

Majirani zetu wametutangulia katika jambo hili. Rwanda, mahali palipokuwa na makao ya mfalme hutambulikana kwa miti mirefu ya jamii ya mkuyu iliyoota kutokana na fito za ua wa zamani, na mahali hapo pana jina lake maalumu, ikigabiro, na mtoto wa kijijini ajua ni ikigabiro cha nani. Ujiji, mwembe uliokuwa kivuli cha mkutano wa Stanley na Livingstone mwaka 1871 ulikufa, lakini miembe inayosemwa kuwa ni kizazi chake bado ipo penye mnara, na wageni hutoka mbali kuitazama. Lakini wengine waliupoteza mti wenyewe. Huko Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873 chini ya mti wa mupundu, na Jacob Wainwright, mmoja wa watu wake, akachora maandishi katika shina; mwaka 1899 mti ukakatwa, kipande chenye maandishi kikasafirishwa London, na pale mahali pakajengwa mnara. Walisalimisha herufi wakautoa mti. Na mbali zaidi, katika jangwa la Ténéré, nchini Niger, ulikuwako mgunga mmoja ambao misafara ya chumvi iliufanya alama ya njia, kwa kuwa mamia ya kilomita hapakuwa na mti mwingine, na hapana mtu wa msafara aliyethubutu kuuvunja hata kijiti; mwaka 1973, katika uwanda wote ule usio na kizuizi, dereva wa lori aliugonga akauangusha. Mabaki yake yamewekwa katika makumbusho ya Niamey. Kisa hiki kila nikikikumbuka nashindwa kuamua kama nicheke au nilie.

Kwetu malori ni machache, kwa hiyo hatari yetu ni nyingine. Ni makaa na matofali. Mwembe mmoja mkubwa huchoma tanuru zima la matofali, na kijana anayetaka kujenga nyumba ya kudumu, ambaye vita vimemkimbiza msituni mara mbili tatu na nyumba yake ya miti na udongo imechomwa mara hizo hizo, si adui wa mtu. Mimi siwezi kumwambia alale mvuani kwa ajili ya historia. Naweza kumwambia jambo moja tu, nalo ni la manufaa yake. Ardhi yetu kubwa haina karatasi. Mkigombania shamba mbele ya barza ya chifu, hoja ya kwanza ya kila mdai ni kuonyesha makaburi, na ya pili ni kuonyesha miti: hapa ndipo ilipokuwa miembe yetu, hapa michikichi yetu. Wazee wa barza hutoka, huenda kutazama, na penye mti maneno hupungua. Yule mama aliyetua kuni zake hakuwa na hati yoyote duniani isipokuwa safu mbili za michikichi na mwembe mmoja, na siku mwembe ule utakapoingia tanuruni, mjukuu wake atasimama mbele ya barza akionyesha manyasi.

Sasa nije kwenye ombi langu, ndilo lililonileta hapa. Walimu, mwezi wa Novemba maembe yataanza kuiva na watoto watakuwa huko huko mitini, mtake msitake. Wapeni madaftari. Kila mwembe mkongwe uandikiwe ukurasa wake: mahali ulipo, jina la tongo lake, nani aliupanda kwa kauli ya nani, nani aliishi hapo, na kwa nini walihama, na kauli mbili zikipingana ziandikwe zote mbili, wala mwalimu asichague iliyo nzuri. Wazee, watoto wakija kukuulizeni msiwafukuze, na msiwaambie tu kwamba ni mwembe wa Waarabu mkawaacha waende. Mimi nimekuja na daftari langu, lina kurasa kumi na tisa zilizokwisha kuandikwa na nyingine zote ni nyeupe. Nitakaa hapo nje mpaka alasiri. Mwenye habari ya mwembe wowote kati ya mito ya Lualaba na Luama aje tuketi, na aanze na jina la tongo.